Mabomu ya Agosti 7: Sudan ingebanwaje kwa sheria ya kimataifa?

Asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998, kati ya saa nne na nusu na saa tano kasorobo, malori mawili ya mabomu yalilipuka karibu kwa wakati mmoja, moja nyuma ya ubalozi wa Marekani Nairobi na jingine nje ya ubalozi wa Marekani Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Wamarekani wakiwa 12 tu. Dar es Salaam walikufa 11, na Mmarekani hakuwamo. Jengo la Ufundi lililopakana na ubalozi wa Nairobi liliporomoka na watu ndani. Jengo la Co-operative lilibaki limesimama, lakini watu walikuwa wamekimbilia madirishani kutazama baada ya kusikia milio ya mwanzo, ya bunduki na guruneti. Mlipuko mkubwa ulipokuja, vioo viliwapiga usoni. Ndiyo maana miongoni mwa majeruhi wa siku ile kuna waliopoteza macho wakiwa ofisini mwao, hawana uhusiano wowote na ubalozi.

Swali la nani awalipe watu hawa huibuka kila mwaka Agosti ikifika, na majibu huwa mawili. Wengine husema Marekani ilipe, kwa kuwa ndiyo iliyolengwa. Wengine husema Sudan, iliyowahi kumhifadhi Osama bin Laden ambaye kundi lake la al-Qaida ndilo lililolipua, ni dola ya kigaidi, basi ilipe. Majibu yote mawili hayasimami kisheria. Anayelengwa na gaidi hadaiwi na majeruhi wenzake kwa sababu tu alilengwa. Na sheria ya kimataifa haina kosa linaloitwa “kuwa dola ya kigaidi”. Orodha ya wafadhili wa ugaidi ambayo Sudan iliwekwa mwaka 1993 na kuondolewa Desemba 2020 ni orodha ya serikali ya Marekani, imetungwa kwa sheria ya Marekani, na mwisho wa nguvu zake ni mipaka ya Marekani.

Mimi nashikilia kwamba dai la Kenya dhidi ya Sudan lipo, na mahakama ya kulipeleka ipo. Ila dai hilo lijengwe juu ya kosa la Sudan yenyewe, si juu ya bomu. Atakayelijenga juu ya bomu atashindwa.

Msingi wa yote ni zile ibara 59 za uwajibikaji wa dola zilizokamilishwa na Tume ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001. Si mkataba, lakini mahakama huzitumia kila mara, na sehemu yake kubwa inakubalika kuwa desturi. Ibara ya 2 inataka mambo mawili tu: kitendo kinachohesabika kuwa cha dola, na wajibu wa kimataifa uliovunjwa na kitendo hicho. Kutotenda nako ni kitendo. Maneno hayo manne ya mwisho ndiyo yanayosahaulika sana katika mijadala ya ugaidi.

Kitendo huhesabika kuwa cha dola kwa njia chache. Ya kwanza, aliyetenda ni chombo cha dola: askari, jasusi, ofisa wa serikali (Ibara ya 4). Ya pili, aliyetenda ni mtu binafsi lakini alielekezwa au alidhibitiwa na dola (Ibara ya 8). Ya tatu, dola imekikumbatia kitendo baada ya kutendeka na kukifanya chake (Ibara ya 11), kama Iran ilivyofanya kwa wanafunzi walioteka ubalozi wa Marekani Tehran mwaka 1979. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, iliamua mwaka 1980 kwamba siku ya kwanza ya utekaji Iran ilikosa kwa kutoulinda ubalozi, na tangu viongozi wake walipoubariki utekaji, ukawa wa dola.

Lockerbie ilikwenda kwa njia ya kwanza. Ndege ya Pan Am iliangushwa juu ya mji huo wa Uskoti Desemba 1988, watu 270 wakafa. Januari 2001 alitiwa hatiani ofisa wa ujasusi wa Libya. Ukishampata mtu aliye kwenye orodha ya mishahara ya serikali, huna haja ya kubishana juu ya nani alimdhibiti nani. Agosti 2003 Libya iliandikia Baraza la Usalama barua ya kukubali kuwajibika kwa vitendo vya maofisa wake, ikaahidi hadi dola milioni 10 kwa kila familia, kwa mafungu matatu: milioni 4 vikwazo vya Umoja wa Mataifa vikiondolewa, milioni 4 vya Marekani vikiondolewa, na milioni 2 Libya ikitolewa kwenye ile orodha. Fedha zilifungwa na vikwazo hatua kwa hatua, na ndiyo sababu zilitoka.

Kwa Sudan njia hiyo haipo, kwa sababu waliolipua walikuwa watu wa al-Qaida, si maofisa wa Khartoum. Mtu hukimbilia njia ya pili, na hapo ndipo kesi nyingi hufia. Mwaka 1986, katika kesi ya Nikaragua dhidi ya Marekani, Mahakama iliona kwamba Marekani iliwapa waasi wa Contra, waliopigana na serikali ya Nikaragua, fedha, mafunzo na silaha, na bado ikakataa kuvihesabu vitendo vyao kuwa vya Marekani. Kipimo kilikuwa udhibiti halisi wa operesheni ileile inayolalamikiwa. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya makosa ya kivita ya Yugoslavia ililegeza kipimo mwaka 1999 katika kesi ya Tadić, ikasema udhibiti wa jumla unatosha kwa kundi lililojipanga kijeshi. Wako mawakili wanaoitegemea Tadić hadi leo, ilhali mwaka 2007, katika kesi ya Bosnia dhidi ya Serbia, The Hague iliikataa waziwazi kwa madai ya uwajibikaji wa dola.

Sasa pima Sudan kwa kipimo hicho. Osama bin Laden aliishi Sudan tangu 1991 hadi Mei 1996, akaondoka kwenda Afghanistan. Mabomu yalilipuka miaka miwili na ushei baadaye. Hata ukithibitisha kwamba alipewa ardhi, ulinzi na hati za kusafiria, hujathibitisha kwamba Khartoum iliamuru lori lipelekwe Nairobi.

“Lakini mahakama ya Marekani iliikuta Sudan na hatia,” watasema. Ni kweli kwamba Novemba 2011 mahakama ya shirikisho ya Washington iliona kuwa Sudan iliwapa al-Qaida hifadhi na hati za kusafiria, ikawaachia wavuke mpaka kuingia Kenya bila kizuizi, na kuruhusu silaha na fedha kupita kufikia kundi la Nairobi. Ila hukumu hiyo ilitumia kipimo cha sheria ya Marekani, “msaada wa hali na mali” wenye uhusiano wa kuridhisha na mauaji, kipimo kilicho chini sana kuliko kile cha The Hague. Tena Sudan haikuwepo mahakamani ushahidi ulipokuwa ukisikilizwa. Ipeleke hukumu hiyo The Hague kama ramani ya ushahidi, inayoonyesha shahidi yupi alisema nini na nyaraka ipi itafutwe. Usiipeleke kama uthibitisho.

Hukumu hiyohiyo inaonyesha pia jinsi wenyeji walivyoachwa nje. Sheria ya Marekani, kama ilivyorekebishwa mwaka 2008, inamruhusu kudai raia wa Marekani, askari wake, au mtu aliyekuwa mwajiriwa au mkandarasi wa serikali yake akiwa kazini. Mkenya aliyekuwa karani wa ubalozi aliingia. Mkenya aliyekuwa akijifunza kazi ya uhazili katika Jengo la Ufundi, hatua chache kutoka hapo, hakuingia. Hukumu za jumla ya dola zaidi ya bilioni 10 zilitolewa mwaka 2014, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaafiki Mei 2020 kwamba hata fidia ya adhabu ilitolewa kihalali, kisha mwaka huohuo serikali hizo mbili zikamaliza kwa makubaliano ya dola milioni 335. Katika mgawo, fungu la Mmarekani lilizidi kwa mbali la mfanyakazi mwenzake Mkenya au Mtanzania. Waliokufa barabarani hawakuwa na fungu. Naona hii ni dhuluma, na haiwezi kurekebishwa na mahakama za Marekani kwa sababu imeandikwa ndani ya sheria yao.

Basi turudi kwenye kosa la Sudan yenyewe. Kesi ya kushika hapa ni ya mwaka 1949, ya mlango wa bahari wa Corfu. Meli za kivita za Uingereza ziligonga mabomu ya majini katika maji ya Albania mwaka 1946, mabaharia wakafa. Hadi mwisho wa kesi haikujulikana nani aliyatega. Mahakama haikuhitaji kujua. Ilisema mabomu yale yasingeweza kutegwa bila Albania kufahamu, na aliyefahamu alikuwa na wajibu wa kuonya. Hakuonya. Albania ikaamriwa kulipa pauni 843,947. Ni kama mwenye nyumba anayejua mpangaji wake anatengeneza baruti chumbani na kukaa kimya. Hashtakiwi kwa kulipua, anashtakiwa kwa kunyamaza, na hasara ya jirani inaweza kumrudia yeye.

Utaratibu huu umejirudia. Nikaragua ilishindwa kuwahesabu Contra kuwa watu wa Marekani, lakini ilishinda kwa kosa la Marekani kuwapa silaha na mafunzo. Mwaka 2005, katika kesi ya Kongo dhidi ya Uganda, Mahakama haikuona kwamba Uganda iliwadhibiti waasi wa Kongo wa MLC, ila ikaitia Uganda hatiani kwa kuwafundisha na kuwasaidia. Anayedai hushindwa juu na kushinda chini. Mwandishi mzuri wa madai huanzia chini.

Ni wajibu gani basi ulioifunga Sudan? Hapa watu huteleza kwenye tarehe. Dola huhukumiwa kwa sheria iliyokuwapo siku ya tendo (Ibara ya 13). Mkataba wa kupambana na mabomu ya kigaidi ulipitishwa Desemba 1997 lakini ulianza kutumika Mei 2001. Ule wa ufadhili wa ugaidi ni wa 1999, ulianza Aprili 2002. Azimio 1373 la Baraza la Usalama ni la Septemba 2001. Vyote vimechelewa kwa kesi hii, na hata vingewahi, mkataba wa ufadhili ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani: Januari 2024, katika kesi ya Ukraine dhidi ya Urusi, Mahakama ilisema “fedha” katika mkataba huo hazijumuishi silaha wala kambi za mafunzo, na Urusi ikakutwa na kosa moja tu chini ya mkataba huo, la kutochunguza tuhuma ilizopewa.

Kinachobaki kinatosha. Kuna desturi, iliyoandikwa katika Azimio 2625 la Baraza Kuu la mwaka 1970, kwamba dola isiandae, isichochee, isisaidie vitendo vya kigaidi katika nchi nyingine, wala isiridhie shughuli zilizopangwa ndani ya ardhi yake kwa lengo hilo. Na kuna Azimio 1054 la Baraza la Usalama, la tarehe 26 Aprili 1996, lililotolewa chini ya Sura ya Saba ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa na kwa hiyo ni amri. Lilitokana na jaribio la kumuua Rais Mubarak wa Misri mjini Addis Ababa mwaka 1995. Liliitaka Sudan iwatoe washukiwa watatu, na iache kuwasaidia na kuwahifadhi magaidi. Katika faili la Kenya karatasi hiyo iwe ya kwanza. Kazi ngumu kabisa katika kesi za aina hii ni kuthibitisha kwamba dola ilijua, na hapa dola iliambiwa kwa maandishi na chombo cha juu kabisa, zaidi ya miaka miwili kabla ya mabomu.

Sudan itajibu mambo matatu, na yote yajibiwe ndani ya hati ya kwanza, si baadaye.

Itasema wajibu wa kuzuia si wajibu wa kufanikiwa. Ni kweli. Katika kesi hiyohiyo ya 2005 Uganda ililalamika kwamba Zaire (Kongo ya leo) iliwaachia waasi wa Uganda wajifiche upande wake wa mpaka. Mahakama ilikataa: eneo lile la milima lilikuwa mbali na mkono wa Kinshasa, na kutoweza si kuridhia. Lakini bin Laden hakujificha porini Sudan. Aliishi Khartoum, akaendesha makampuni na mashamba mchana kweupe, na alikaribishwa. Dai lisitaje neno “uzembe” ikiwa ushahidi unaonyesha ukaribisho.

Itasema aliondoka 1996, na vikwazo vikaondolewa Septemba 2001 baada ya Baraza kuridhika na hatua zake. Kuondolewa vikwazo hakufuti kosa lililokwisha kutendeka, maana vikwazo hubana dola ibadilike na fidia huponya kilichovunjika. Hoja ya kuondoka ina uzito zaidi, kwa sababu inagusa uhusiano wa sababu na matokeo. Mwaka 2007 Bosnia ilikosa fidia ya fedha kwa mauaji ya Srebrenica hata baada ya Serbia kukutwa haikuyazuia, kwa kuwa haikuthibitishwa kwa uhakika wa kutosha kwamba Serbia ingefanya ilichopaswa, mauaji yasingetokea. Kenya inapaswa kutafuta vitu vinavyovuka ile Mei 1996: pasi za Sudan zilizoendelea kutumiwa, fedha zilizopita benki za Khartoum, watu waliovuka mpaka. Kila kimoja kiwe na tarehe. Kisicho na tarehe kisiingie.

Itasema pia kwamba tuhuma nzito zinataka ushahidi usio na shaka. Ndivyo ilivyo, ila kesi ya Corfu iliruhusu kukisia kutokana na mazingira pale ambapo ushahidi wote uko mikononi mwa mdaiwa. Mahakama hupunguza sana thamani ya magazeti na ripoti zilizonukuu ripoti, na huthamini maneno ya dola yanayoiumiza dola yenyewe. Uganda iliumizwa sana mwaka 2005 na matokeo ya Tume ya Porter, ambayo iliundwa na Uganda yenyewe kuchunguza uporaji wa mali za Kongo. Tangu Omar al-Bashir alipoangushwa Aprili 2019, nyaraka na maofisa wa utawala wake si siri iliyofungwa kama zamani, ingawa vita vilivyoanza Aprili 2023 vimeziweka hatarini. Mabadiliko ya serikali hayafuti deni. Aliyekosa ni dola ya Sudan, na hiyo ipo.

Mlango wa mahakama uko wapi? The Hague husikiliza dola tu, haimsikilizi mjane wala kampuni. Sudan ilikubali mamlaka ya lazima ya Mahakama hiyo mwaka 1958, Kenya mwaka 1965, kila mmoja kwa masharti yake. Masharti hayo yasomwe neno kwa neno kabla ya hatua yoyote, maana Sudan inaweza kujificha pia nyuma ya sharti la Kenya. Tanzania haijatoa tamko kama hilo, kwa hiyo yenyewe ingehitaji kulitoa kwanza, au kukubaliana na Sudan waende pamoja. Mahakama yenyewe haitozi ada, gharama ni ya mawakili na ya kukusanya ushahidi. Kumshtaki Sudan katika mahakama za Nairobi kungegonga ukuta wa kinga ya dola, ambayo The Hague iliisisitiza mwaka 2012 katika kesi ya Ujerumani dhidi ya Italia, hata kwa makosa ya kivita.

Je, muda haujapita? Hakuna ukomo uliowekwa kwa miaka. Nauru iliishtaki Australia mwaka 1989 kwa uchimbaji wa fosfeti uliofanyika kabla ya uhuru wake wa 1968, na Mahakama ikakubali kusikiliza. Kinachoua dai ni kukaa kimya kwa namna inayoonyesha umelisamehe. Kwa hiyo noti ya kidiplomasia inayotaja kosa na fidia inayotakiwa, kama Ibara ya 43 inavyoelekeza, iandikwe hata kama kesi itafunguliwa miaka mitano baadaye. Wala Sudan haitaweza kusema majeruhi wangeanzia mahakama za Khartoum: kanuni ya kumaliza kwanza njia za ndani haimfungi mtu ambaye hakuwa na uhusiano wowote na dola iliyomdhuru, na mtu aliyepigwa kioo akiwa mezani kwake Nairobi hakuwahi kujiingiza katika mambo ya Sudan.

Halafu kuna hesabu. Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11 kutoka Uganda, na Februari 2022 ikapewa milioni 325, kati yake milioni 225 kwa madhara ya watu. Pengo hilo lilitokana kwa kiasi kikubwa na faili lililokosa majina, vyeti na maeneo. Kenya ina nafasi nzuri kuliko Kongo, kwani tukio ni moja, siku moja, mtaa mmoja. Kwa kila mtu zikusanywe cheti cha kifo au ripoti ya hospitali, fomu ya P3 (ya polisi, anayojaza daktari kuhusu majeraha) kama ilijazwa, uthibitisho wa alikokuwa saa ile, hati ya mshahara, na majina ya waliomtegemea. Wazazi wanakufa na karatasi zinaliwa na mchwa, kwa hiyo kazi hii haisubiri uamuzi wa kushtaki.

Na kama uhusiano wa sababu utakuwa dhaifu mno kwa fedha, lipo ombi linaloweza kusimama bila huo: tamko la Mahakama kwamba Sudan ilivunja wajibu wake kwa Kenya. Ibara ya 37 inaliita ridhio, na Bosnia ililipata mwaka 2007 siku ileile iliyonyimwa fidia. Liandikwe kama ombi la kwanza katika hati, juu ya fedha, ili majaji wasilione kama kifuta machozi kilichotafutwa dakika ya mwisho.